Ugumu wa Titani Unapokwenda Kinyume: Kutafuta Chanzo Kuanzia Usoni hadi Kwenye Punje

Kipupwe kimoja, fundi kijana alifika kwenye karakana yetu ya Kizota, Dodoma, akiwa amefunga kwenye gazeti kipande cha bati la titani chenye upana wa kiganja. Katikati kilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na pembezoni, mahali kilipoegemea tofali la tanuru, kilikuwa cha buluu. "Shikamoo mwalimu," alisema, "hiki nilikipika nyuzi 800 kwa saa mbili ili kilainike nipate kukikunja, lakini kimekuwa kigumu kuliko nilivyokinunua, na kwenye mkunjo kimepasuka."

Tulikiweka chini ya mashine ya kupima ugumu, tukaibonyeza almasi kwa mzigo mdogo wa gramu 300. Usoni tulisoma 430 kwa kipimo cha Vickers, ambacho kwa ufupi huandikwa HV. Kisha nilikisugua pembe moja kwa msasa wenye maji mpaka unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita ukaondoka, nikaking'arisha, nikapima tena kwa mzigo uleule, nikapata 158. Chini ya ganda lile jembamba bati lilikuwa limelainika kama alivyokusudia. Kilichokuwa kigumu, na kilichopasuka, ni ganda.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo nimeliona likirudiwa na mafundi pamoja na wanafunzi: ugumu wa titani ukienda kinyume, watu hukimbilia kulaumu ukubwa wa punje (fuwele ndogo zinazoiunda metali) au muda wa tanuru, kwa mazoea waliyoyapata kwenye chuma cha pua na chuma cha kaboni. Titani ina tabia zake. Katika uchunguzi, ninashauri uso wa kipande ushukiwe kwanza, kisha utambulisho wa metali yenyewe, kisha joto halisi lililofikiwa, na punje zije mwisho. Si kwamba punje hazina nguvu, maana zinayo, na nitazieleza kwa kirefu, bali athari yake hujificha nyuma ya hayo mengine, na mtu asiyeyaondoa hayo kwanza hawezi kuisoma kwa usahihi.

Hakikisha kwanza ni titani ipi

Vipande vingi vinavyofika kwetu hutoka kwa wauzaji wa vyuma chakavu, bila cheti wala alama, na muuzaji husema "titani" kana kwamba ni kitu kimoja. Titani safi ya kibiashara ina madaraja manne makuu, na kinachoyatenganisha zaidi ni oksijeni iliyomo. Daraja la 1 huruhusiwa kuwa na oksijeni hadi asilimia 0.18, la 2 hadi 0.25, la 3 hadi 0.35 na la 4 hadi 0.40. Tofauti hizo zinaonekana ndogo mno kwenye karatasi, lakini ndizo zinazopandisha ugumu kutoka takriban HV 120 katika daraja la 1 hadi kuvuka HV 250 katika daraja la 4, bila tanuru kuguswa. Aloi inayotumika kuliko zote, yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, ambayo huandikwa Ti-6Al-4V na kuitwa pia daraja la 5, ina ugumu wa takriban HV 350 ikiwa imelainishwa.

Kwa hiyo mtu aliyepata HV 250 akitarajia 150 huenda hana tatizo lolote la tanuru, bali ameuziwa daraja la 4. Na aliyepata 350 ana aloi mkononi, wala hakuna muda wa kulainisha utakaoifanya iwe titani safi.

Kuna njia rahisi ya kutenganisha titani safi na aloi hiyo kwa mizani nzuri na chombo cha maji. Pima kipande hewani, kisha kipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji kwa uzi mwembamba, na utofauti wa gramu utakupa ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Kipande chenye gramu 90.2 hewani na 70.2 majini kina ujazo wa sentimita 20 za ujazo na msongamano wa 4.51, nacho ni titani safi. Kingekuwa na gramu 88.6 hewani na 68.6 majini, msongamano ungekuwa 4.43, na hapo unashika Ti-6Al-4V. Tofauti hiyo haifiki asilimia mbili, ndiyo maana mizani ya sokoni haifai, na viputo vya hewa vilivyoganda kwenye kipande lazima vifutwe kwa brashi kabla ya kusoma. Cheche nyeupe zenye kung'aa kwenye grainda zitakuambia kwamba ni titani na si chuma cha pua, lakini hazitakuambia daraja. Unapofanya jaribio hilo, zuia vumbi la titani lisirundikane, kwa kuwa linawaka, na moto wake haumwagiwi maji: hufunikwa kwa mchanga mkavu kabisa.

Dalili: ugumu umepanda baada ya kupashwa moto, na kipande kinapasuka kikikunjwa

Hii ndiyo dalili ya bati la yule kijana, na chanzo chake ni hewa. Titani yenye joto hunywa oksijeni kwa namna ambayo metali chache hufanya. Hapo juu ya takriban nyuzi 600 oksijeni haiishii kutengeneza oksidi usoni tu, bali hupenya na kukaa katikati ya atomu za titani, ambazo katika hali yake ya alfa, yaani mpangilio wake wa kawaida wa atomu, zinaweza kubeba oksijeni hadi karibu theluthi moja ya atomu zote. Atomu hizo za kigeni huzuia tabaka za metali kuteleza moja juu ya nyingine, na metali isiyoteleza ni ngumu lakini huvunjika upesi. Tabaka hilo gumu la juu ndilo wataalamu huliita ganda la alfa.

Rangi inaweza kukuongoza, ingawa isikudanganye. Titani iliyopashwa na kupoa ikiwa bado ina rangi ya fedha ilikingwa vizuri. Rangi ya majani makavu ni dalili ya oksidi nyembamba, buluu ni nene zaidi, na kijivu kisichong'aa au unga mweupe ni dalili kwamba kinga ilishindwa kabisa. Udanganyifu uko hapa: mtu anaweza kuifuta buluu kwa msasa laini dakika moja, kipande kikang'aa, na ganda gumu lililo chini ya rangi likabaki lilelile. Rangi ni oksidi; ganda ni metali iliyokwisha kunywa oksijeni, nayo haina rangi yake.

Namna ya kulithibitisha ganda bila vifaa vya gharama ni kupima mahali pamoja kwa mizigo miwili. Kishimo cha Vickers huingia ndani kiasi cha moja ya saba ya urefu wa ulalo wake. Kwa mzigo wa gramu 300 kwenye metali ya HV 430, ulalo ni kama mikromita 36 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na almasi huzama mikromita 5 tu, hivyo unapima ganda peke yake. Kwa mzigo wa kilo 10 kwenye metali ya HV 160, ulalo hufikia milimita 0.34 na almasi huzama karibu mikromita 48, kwa hiyo unasoma zaidi mwili wa metali. Mzigo mdogo wenyewe huelekea kutoa namba kubwa kidogo hata kwenye metali isiyo na ganda, lakini tofauti ikiwa mara mbili au zaidi, usitafute chanzo kingine. Aliye na uwezo wa kukata kipande na kung'arisha ukingo wake apime kutoka usoni kwenda ndani kwa hatua ndogo: namba zikishuka kwa mfululizo kisha zikatulia, pale zilipotulia ndipo ganda lilipoishia.

Tiba ni kuliondoa ganda lote, kwa kukereza, kwa kusaga taratibu kwa maji, au kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrofluoriki. Hapa ninasema kwa uzito wote nilionao: asidi ya hidrofluoriki si ya karakana ya uani. Ikiwa hafifu huweza kugusa ngozi bila kuuma sana mwanzoni, ikapenya, ikashika kalisi ya mwilini, na mtu akajua saa kadhaa baadaye kwamba ameumia vibaya. Palipo na asidi hiyo lazima pawe na jeli ya kalisi glukoneti mkononi, glovu zinazofaa, hewa ya kutosha na mtu wa pili. Ukikosa kimojawapo, tumia msasa na uvumilivu.

Ili ganda lisirudi, lainisha titani safi katika ombwe au ndani ya gesi safi ya argoni, kati ya nyuzi 650 na 760, kwa dakika chache hadi saa mbili kulingana na unene. Kama unachotaka ni kutoa mikazo iliyobaki baada ya kukunja au kuchomelea, nyuzi 480 hadi 595 zinatosha, na kwenye joto hilo ganda ni jambo dogo. Yule kijana hakuhitaji nyuzi 800. Wala saa mbili hakuzihitaji kwa bati la milimita moja.

Dalili: nimeichovya majini ikiwa nyekundu na haikuwa ngumu

Swali hili huulizwa na mafundi waliokomaa kwenye chuma, na kwao ni swali la haki. Chuma chenye kaboni kikichovywa ghafla, kaboni hunaswa ndani ya mpangilio mpya wa atomu na kuubana, na ugumu hupanda mno. Titani safi nayo hubadilisha mpangilio: chini ya nyuzi 882 ni alfa, ambamo atomu zimepangana kwa umbo la pembe sita, na juu ya hapo ni beta, ambamo zimepangana kwa umbo la mchemraba. Ukiichovya kutoka beta, hurudi haraka kwenye alfa yenye sura ya vijiti na vibapa, lakini hakuna kaboni ya kunaswa, na ongezeko la ugumu ni dogo. Titani safi haikomazwi kwa kuchovywa. Anayetaka iwe ngumu zaidi huchagua daraja lenye oksijeni nyingi zaidi, huigonga au kuiviringisha ikiwa baridi, au huzifanya punje zake kuwa ndogo.

Ti-6Al-4V ni habari nyingine. Hiyo hukubali kukomazwa kwa hatua mbili: hupashwa hadi nyuzi 955 hadi 970 kwa muda wa karibu saa moja, huchovywa majini, kisha hurudishwa kwenye joto la nyuzi 480 hadi 595 kwa saa 4 hadi 8. Hatua ya kwanza huandaa na hatua ya pili hukomaza, kwani ni katika ile ya pili ndipo vipande vidogo sana vya alfa huota ndani ya beta iliyobaki na kuzuia mteleko. Kwa kipimo cha Rockwell C aloi hii hutoka takriban 36 ikiwa imelainishwa na kufika karibu 41 ikiwa imekomazwa. Fundi anayesubiri 60 kama ya patasi ya chuma atasubiri bure.

Ikiwa umefuata hatua hizo na ugumu haukupanda, angalia mambo haya kwa mpangilio huu. La kwanza ni muda kati ya mlango wa tanuru na maji. Aloi hii husamehe sekunde chache tu, na mimi huhesabu hadi sita. Ndoo ikiwa upande wa pili wa karakana, umeshachelewa kabla hujaanza kutembea. La pili ni unene. Ti-6Al-4V hupitisha joto kwa shida, kiasi cha wati 7 kwa mita kwa nyuzi, ilhali chuma cha kawaida kiko karibu na 50, kwa hiyo katikati ya kipande kinene hupoa polepole hata kama maji yanachemka juu yake. Kipande kinachozidi milimita 25 kitakomaa kando na kubaki laini kiini, na anayepima nje tu hatajua. La tatu ni umeme. Ukikatika wakati wa hatua ya kwanza, na tanuru likapoa pamoja na kipande, umelainisha badala ya kuandaa, na ni lazima uanze upya. Ukikatika katika hatua ya pili, hasara ni ndogo, kwa kuwa unaweza kuongeza muda uliopotea. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza mimi huifanya asubuhi na mapema, kabla mashine za jirani hazijawashwa.

La nne, ambalo ndilo zito, ni joto lenyewe. Kati ya nyuzi 970 zinazotakiwa na nyuzi 995 hivi ambapo aloi yote hugeuka beta, nafasi ni nyembamba kuliko kosa la themokapo (vipima joto vya tanuru) nyingi zilizochoka. Tanuru linaloandika 960 linaweza kuwa na 1,000 pale kipande kilipolala. Namna moja ya kulikagua ni kutumia metali ambazo joto lake la kuyeyuka linajulikana: alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660.3, na fedha safi kwenye 961.8, ambayo kwa bahati njema iko pale pale tunapohitaji. Omba kipande kidogo kwa sonara, lakini kiwe fedha safi isiyochanganywa na shaba, ukiweke kwenye kikombe cha udongo mbali na titani, ukifunike kwa unga wa mkaa. Bila mkaa, fedha hunywa oksijeni ya hewa na kuyeyuka takriban nyuzi 10 mapema, nawe utalaumu tanuru lisilo na hatia.

Dalili: ugumu umeshuka, na uso unakuwa kama ganda la chungwa ukikunjwa

Sasa ndipo punje zinapoingia. Metali ni mkusanyiko wa punje, kila moja ikiwa na mpangilio wa atomu unaoelekea upande wake. Unapobonyeza metali, tabaka huteleza ndani ya punje hadi kwenye mpaka, na hapo mteleko hukwama kwa kuwa punje ya jirani imeelekea kwingine. Punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi na mteleko hukwama mara nyingi zaidi. E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953 walionyesha, wakichunguza chuma, kwamba nguvu ya metali huongezeka kwa kufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha kipenyo cha punje, na kanuni hiyo hufanya kazi kwenye titani pia.

Maana yake kwa fundi ni hii: ukitaka mchango wa punje uongezeke mara mbili, lazima punje zipungue mara nne. Kutoka mikromita 100 hadi 25 ni mara mbili. Kutoka 25 hadi 6 na robo ni mara mbili tena. Kwa hiyo kutoka 60 kwenda 50 hakuna tofauti ambayo mashine ya karakana itaiona, na mtu anayeeleza upungufu wa HV 100 kwa punje zilizokua kidogo amekosea mahali fulani. Upande wa pili wa kanuni hiyo ni wa kustaajabisha: titani safi iliyosukumwa na kupindwa kwa nguvu kubwa mpaka punje zake zikawa chini ya mikromita moja imepata nguvu ya kuvutwa inayozidi megapaskali 1,000, jambo ambalo zamani lilikuwa la aloi, na ndiyo sababu watengenezaji wa vipandikizi vya meno wanaipenda. Lakini ukiipasha titani hiyo karibu na nyuzi 500, punje hukua tena na faida yote hupotea.

Ugumu ukishuka baada ya kupasha titani safi, jiulize kwanza kama ilikuwa imegongwa au kuviringishwa ikiwa baridi. Kama ilikuwa hivyo, kushuka ni kwa kawaida: punje zilizokandamizwa zimezaliwa upya bila mikazo. Ni tatizo pale tu punje mpya zinapoendelea kukua kwa sababu ya joto kubwa au muda mrefu. Uso wa ganda la chungwa unaojitokeza kwenye mkunjo ni ushahidi mzuri, kwa maana kila punje kubwa hujikunja kwa namna yake na macho huona tofauti hizo. Hali nyingine inayozaa punje kubwa, na ambayo watu hawaitazamii, ni kulainisha kipande kilichokuwa kimekunjwa kidogo sana, kwa asilimia chache tu: vizazi vya punje mpya huwa vichache, na kila kimoja hupata nafasi ya kutanuka.

Kuzihesabu punje si kazi ngumu. Ng'arisha, chovya uso kwa sekunde chache kwenye dawa ya Kroll, ambayo ni maji yenye nitriki na hidrofluoriki kidogo, kwa tahadhari zilezile nilizozitaja, kisha weka chini ya hadubini. Chora mstari wenye urefu unaojulikana juu ya picha na uhesabu mipaka inayoukata. Milimita moja halisi ikikatwa na mipaka 20, wastani ni mikromita 50. Chora mistari mitano au sita kwa pande tofauti, maana bati lililoviringishwa huwa na punje ndefu upande mmoja.

Joto likivuka mpaka wa beta, hali hubadilika vibaya na kwa haraka. Chini ya mpaka, alfa na beta huzuiana kukua. Juu yake kuna beta peke yake, hakuna wa kumzuia mwenzake, na punje hukua mpaka huweza kuonekana kwa macho bila hadubini. Zikipoa, kila punje kubwa hujaa vibapa vya alfa vilivyopangana kama mkeka. Katika Ti-6Al-4V, na hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo, mashine ya ugumu inaweza isionyeshe tofauti yoyote ya maana, wakati uwezo wa kipande kunyooka kabla ya kukatika umepungua sana. Namba nzuri ya ugumu si cheti cha muundo mzuri. Kwa kipande kitakachobeba mzigo, angalia muundo kwa macho yako.

Na muundo huo ukishaharibika, usijaribu kuurekebisha kwa kupasha na kupoza mara kwa mara kama ifanyikavyo kwenye chuma. Chuma hubadilisha mpangilio wake na kuzaa punje mpya ndogo. Titani hurudi kwenye mipaka ileile ya beta ya zamani. Itahitaji kufuliwa au kuviringishwa kwa nguvu, ndipo punje zizaliwe upya. Fundi asiye na nyundo ya kufanya hivyo akiweke kando kipande hicho.

Dalili: kila nikipima napata namba tofauti

Mwanafunzi mmoja aliniletea vipimo kumi vya kipande kimoja, vikitofautiana kutoka 140 hadi 215, akiwa ameandika wastani kwa desimali mbili. Tulianza upya na msasa wake. Titani hupakazika: msasa uliochakaa hauikati, huisukuma, na kuacha tabaka lililokandamizwa ambalo ni gumu kuliko metali ya chini. Badilisha msasa mapema, tumia maji mengi, na umalizie kwa muda mrefu na silika laini ya maji iliyotiwa kiasi kidogo cha peroksidi ya hidrojeni.

Dodoma tuna adui mwingine, nayo ni pepo za Julai na Agosti. Vumbi letu lina mchanga mgumu, na chembe moja ikitua kwenye kitambaa cha kung'arishia, kazi ya saa nzima inapata mikwaruzo. Vitambaa vyetu hukaa kwenye makopo yenye mfuniko, na hang'arishi mtu yeyote madirisha yakiwa wazi. Malori yanayopita barabarani nayo huitikisa meza. Mtikisiko hukiongeza kishimo, na kishimo kikubwa husomeka kama metali laini. Ukisikia lori wakati almasi iko chini, futa kipimo hicho.

Baada ya hayo yote, tofauti inayobaki inaweza kuwa ya kweli. Punje ya alfa ikibonyezwa kichwani pa umbo lake la pembe sita ni ngumu kuliko ikibonyezwa ubavuni. Kwa hiyo punje zikiwa kubwa na mzigo ukiwa mdogo, kila kishimo hukaa ndani ya punje moja na kusoma mwelekeo wake. Ongeza mzigo mpaka kishimo kifunike punje nyingi, na namba zitakusanyika. Acha nafasi kati ya vishimo, angalau mara tatu ya ulalo na kwa usalama zaidi mara sita, na unene wa kipande usipungue mara moja na nusu ya ulalo. Kipande cha yule mwanafunzi kilikuwa na punje za mikromita 90 na alitumia gramu 100. Kwa kilo 10, vipimo vyake kumi viliangukia kati ya 152 na 161.

Dalili: ugumu ni wa kawaida lakini kipande kinakatika

Hapa shuku hidrojeni, hasa kama kipande kilipita kwenye asidi. Titani huinywa kwa urahisi, na kiasi kinachozidi asilimia 0.015 hukataliwa kwa madaraja ya titani safi, kwa kuwa hidrojeni hujitenga ikawa sindano nyembamba zinazoukaribisha ufa. Ugumu hauzioni. Katika mchanganyiko wa kuondolea ganda, nitriki iwe takriban mara kumi ya hidrofluoriki, kwani ndiyo inayopunguza unywaji huo. Tofauti na oksijeni, hidrojeni inaweza kutolewa: nyuzi 700 hivi ndani ya ombwe kwa saa kadhaa huirudisha nje.

Nyufa zikitokea baada ya tanuru bila asidi kutumika, uliza kipande kilioshwa kwa nini. Chumvi zenye klorini, za jasho la vidole, za sabuni au za maji ya kisima, zikikaushwa juu ya titani yenye mikazo kisha ikapashwa kuvuka nyuzi 300, huweza kuipasua. Wengi wetu mjini tunayajua maji ya kisima yanayoacha weupe kwenye birika. Weupe huo usipelekwe tanurini. Suuza kwa maji yaliyochujwa chumvi, kausha kwa kitambaa safi, na kuanzia hapo kipande kishikwe kwa glovu mpaka mlango wa tanuru ufungwe.